Majenta inapotea katikati ya bango: hedi imekufa kweli?

SWALI: Ami, shikamoo. Nina printa ya wino wa eko-solventi (wino wa kiyeyushi chepesi) ya mita 1.6 hapa Mwembe Tayari, nachapa mabango na stika za matatu. Asubuhi inaanza vizuri. Nikishachapa mita nne tano za bango lililojaa rangi, majenta, ile nyekundu ya zambarau, inafifia na nyuso za watu zinageuka kijani kijani. Nikisafisha hedi, kile kichwa kinachorusha wino, rangi inarudi, lakini baada ya nusu saa ni yale yale. Fundi mmoja ameniambia hedi imekufa, ninunue mpya. Bei yake imenitoa jasho. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pesa zako zikae mfukoni kwanza. Hedi iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa, na hiyo yako inafufuka kila asubuhi. Kwa maelezo yako, mashine yako ina kiu: wino haufiki kwenye hedi kwa kasi inayotumika.

Kuziba na kiu ni maradhi mawili, na chati ya nozeli, ile chapa ya majaribio yenye mstari wa kila tundu la wino, ndiyo inayoyatenganisha. Tundu lililoziba hukosekana mahali pale pale, leo na kesho, hata usafishe mara tatu. Kiu huhamahama. Mara mistari ya juu imekatika, mara ya chini, na nyingi hukatika baada ya kazi nzito. Fanya hivi: chapa chati, kisha chapa kipande cha majenta tupu, upana wote wa mashine, urefu wa kama mita moja, halafu chapa chati tena hapo hapo bila kusafisha. Ziweke chati mbili sambamba mezani. Kama ya kwanza ni nzima na ya pili ina mapengo, hedi haina kosa. Na kama chati zote mbili ni nzima lakini bango lina mistari myembamba iliyopangika sawasawa, hayo ni mambo ya hatua ya kuvuta vinili, yaani umbali ambao mashine huisogeza kila hedi inapopita, si ya wino. Rekebisha kipimo cha hatua uendelee na kazi.

Sasa mfuate wino kuanzia kwenye tangi. Nacheka kidogo nikiandika haya, kwa sababu niliwahi kupoteza siku mbili kwenye duka moja Majengo na mashine yenye ugonjwa huu huu. Nilibadilisha dampa, kile kikopo kidogo kinachopokea wino kabla ya hedi, nikasafisha mirija, nikaanza hata kuishuku bodi ya umeme. Jioni ya siku ya pili nikaona mwenyewe ameufunga mdomo wa tangi la majenta kwa nailoni na mpira, barabara, ili vumbi lisiingie. Wino ukitoka, hewa haina pa kuingilia, tangi linavuta kwa ndani kama chupa ya mtoto anayenyonya bila kupumzika. Mashine ikilala usiku, hewa inapenya kidogo kidogo, na asubuhi kila kitu ni kizima. Nilitoboa nailoni kwa pini, nikaona aibu kudai malipo ya siku mbili. Basi angalia kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi lako kabla ya kitu kingine chochote.

Kikiwa wazi, shika dampa. Ndani yake mna chujio jembamba sana, na ndilo linaloshiba uchafu wa wino kabla ya hedi. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na hedi, hivyo badilisha tu, usihangaike kukiosha. Ukifungua mrija, tazama kimpira cha duara kwenye maungio: kikipasuka au ukikaza nati kupita kiasi, hewa inaingia na utaona vipovu vikitembea kwenye mrija kama shanga. Wino unaotembea na vipovu hauwezi kulisha hedi, hata mashine iwe mpya.

Halafu kepu, kile kitako cha mpira ambacho hedi hukalia ikipumzika. Sogeza hedi pembeni, jaza kepu maji ya kusafishia ya eko-solventi, kisha washa pampu. Maji yanatakiwa kufyonzwa upesi. Yakibaki yametulia, pampu imechoka au mrija wa taka umeziba. Ukingo wa mpira nao uupapase kwa kidole chenye glavu. Ukiwa na wino mkavu au umepinda, kepu haifungi vizuri, na kila usafishaji unakula wino bure.

Jambo moja usilifanye kabisa: kusukuma maji ya kusafishia kwa bomba la sindano kwa nguvu, wala kutumia thina ya rangi za magari. Hedi za aina ya DX5 zina matundu 1,440, safu 8 za matundu 180, na sahani yake imebandikwa kwa gundi. Thina inaila gundi, shinikizo linaibandua, na rangi zikishachanganyika ndani hakuna fundi wa kukusaidia.

Hapa kwetu pwani kuna na la ziada. Chumvi na unyevu hula maungio ya ile kebo bapa ya hedi, na tone moja la wino likiingia humo laweza kuunguza bodi pamoja na hedi. Kabla ya kugusa kebo hiyo zima mashine, chomoa plagi, subiri dakika kadhaa, kisha hakikisha ncha ni kavu kabisa kabla ya kurudisha. Feni nayo usiielekeze kwenye mashine, najua joto la Mombasa, lakini upepo ule unakausha wino kwenye nozeli na kuleta vumbi la barabarani.

Umeme ukikatika hedi ikiwa katikati ya safari, usiiache wazi ukaenda kunywa kahawa. Kama mashine yako ni ya aina ambayo hedi yenyewe hupandisha kepu, isukume taratibu kwa mkono hadi ikalie, ikigoma, usilazimishe. UPS, ile betri ya akiba, ukinunua, iendeshe mashine na kompyuta tu. Hita za kukaushia wino ziache nje, zinakula umeme mwingi na zitaimaliza betri kabla hujafika kwenye kepu.

Na kila jioni, kabla hujafunga duka, futa ukingo wa kepu na ule wembe wa mpira unaoipangusa hedi, kwa kijiti cha sponji kilicholowa maji ya kusafishia. Dakika tano zinatosha.

Anza na tundu la tangi, kisha jaribio la chati mbili. Ukikwama, nitumie picha za chati zote mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na picha ya mrija wa majenta karibu na dampa. Yule fundi mwambie asubiri.