Kwa mzee aliyevuka miaka mia, tusikimbilie kusema "ni uzee tu"

Ndugu uliyeuliza kuhusu babu yako wa Kongwa anayekadiriwa kuwa na miaka 101, ambaye kwa wiki moja sasa anasinzia mchana kutwa, anakataa chakula na kuwaita wajukuu kwa majina ya waliokwisha kufa, nakuomba umpeleke kituo cha afya leo, kabla ya kukubaliana na wanaosema kwamba siku zake zimefika.

Nilimlea bibi mzaa mama huko Bahi kwa miaka yake sita ya mwisho. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Umri wake tuliukadiria kwa Mtunya, ile njaa kuu iliyoikumba Ugogo mwishoni mwa Vita ya Kwanza ya Dunia na baada yake, ambayo aliivuka akiwa mgongoni mwa mama yake. Oktoba moja yenye joto kali alianza kuzungumza na dada yake marehemu, na hata binti yake mwenyewe akawa hamtambui. Siku nne nzima tulinong'ona habari za mazishi, na jirani mmoja akataja kurogwa. Tabibu alimtazama ulimi, akampima mkojo, akatueleza kwamba amepungukiwa maji na ana maambukizi ya njia ya mkojo. Kilichotupotosha ni kwamba hakuwa na homa. Katika umri huo kiu hupungua hata mwili unapokauka, na maambukizi yanaweza kuanza kwa kuchanganyikiwa badala ya joto la mwili. Baada ya dripu na dawa, siku ya tano aliuliza kama mbuzi wamerudi.

Siku nne zile bado zinaniuma.

Tangu hapo hatukungoja aombe maji: alipewa kikombe mbuzi wakienda malishoni na kingine wakirudi, na katikati uji mwepesi wa uwele. Mlenda ulimfaa kwa kuwa hakuwa na meno, ila tuliutia karanga zilizotwangwa, kwa sababu misuli ya mzee hupungua upesi asipopata vyakula vya kujenga mwili. Tembe lake, yaani nyumba yake ya udongo, lilikuwa na giza hata mchana, kwa hiyo tulitoboa dirisha ili asijikwae.

Kuhusu macho, umri peke yake haumzuii mtu kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Bibi alifanyiwa, akarudia kazi yake ya kubangua karanga, na hamu ya kula ikarudi pamoja na kazi hiyo. Na si macho tu: Jeanne Calment wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, alifanyiwa upasuaji wa mfupa uliovunjika alipoanguka akiwa na miaka 114, akaishi zaidi ya miaka saba baadaye.

Mpeleke babu pamoja na dawa zote anazotumia, zikiwamo za kununuliwa dukani na za mitishamba, na umweleze tabibu ni siku gani hasa hali yake ilianza kubadilika.