Una ruta mbili nyumbani? Soma hapa kabla hujafungua poti

Nyumba nyingi za Dar es Salaam siku hizi zina ruta zaidi ya moja. Ya kwanza ililetwa na kampuni ya intaneti siku walipovuta faiba, ikafungwa sebuleni karibu na TV. Ya pili imenunuliwa Kariakoo kwa sababu Wi-Fi ya sebuleni haifiki vyumba vya nyuma, au kwa sababu kuna duka mbele na wapangaji uani. Kuperuzi kunaenda vizuri, video zinacheza. Kasheshe inaanza pale mwenye nyumba anaposafiri na kutaka kuona kamera zake akiwa Muscat, au kijana anapotaka kuweka seva ya gemu ili wenzake wajiunge. Fundi anafungua poti (mlango wenye namba ambao data hupitia kwenye ruta), anajaza kila kitu sawasawa, na bado hakuna kinachopita.

Nimehangaika na mitandao ya majumbani ya aina hii kwa muda mrefu, yangu na ya majirani, na jambo ninalosisitiza kila mara ni moja: usiguse ukurasa wa poti kabla hujajua ni kifaa gani hasa kimeshika anwani ya IP (namba ya utambulisho mtandaoni) inayoonekana huko nje kwenye intaneti. Ukishalijua hilo, kazi iliyobaki ni fupi.

Anwani zinazoanza na 192.168, na 10, au kuanzia 172.16 hadi 172.31 zilitengwa kwa ajili ya mitandao ya ndani tangu miaka ya 1990. Mtu aliye nje hawezi kuzifikia. Simu yako inapofungua ukurasa, ruta hubadilisha anwani ya ndani kuwa ya nje na kukumbuka nani ameomba, ili jibu likirudi limfikie mwenyewe. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa NAT. Sasa mtu wa nje akianza kubisha hodi bila kuitwa, ruta haina kumbukumbu ya ombi lolote, kwa hiyo inamtupilia mbali. Kufungua poti ni kuiagiza: kila kinachokuja kwenye namba hii, mpe kifaa hiki.

Penye ruta mbili zinazofanya NAT, zote mbili zinakataa wageni. Ukifungua poti kwenye ile ya ndani tu, mgeni amekwama kwenye ya nje. Ukifungua kwenye ya nje na kuielekeza moja kwa moja kwenye mashine ya kurekodi kamera, ruta hiyo haiijui mashine wala mtandao iliyomo. Hapo ndipo mafundi wengi hupoteza siku nzima wakilaumu kifaa kisicho na kosa.

Kwa hiyo anza nje, uingie ndani. Fungua ruta ya faiba kwa anwani iliyoandikwa kwenye stika yake; Huawei nyingi za faiba hutumia 192.168.100.1, na ZTE nyingi 192.168.1.1. Nenda ukurasa wa hali, "Status", utazame IP iliyo kwenye "WAN", yaani upande wa intaneti. Kisha, simu ikiwa kwenye Wi-Fi hiyohiyo, fungua tovuti yoyote ya kuonyesha IP yako. Namba zikifanana, ruta yako ndiyo yenye anwani ya umma. Zikitofautiana, mbele yako kuna NAT nyingine, na hiyo iko kwa kampuni.

Ukiona IP ya "WAN" iko kati ya 100.64 na 100.127, usiendelee kuchokonoa ruta. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 ili kampuni za intaneti ziweze kuweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Huo mpango unaitwa CGNAT. Si hila za kampuni. Anwani za IPv4 kwa dunia nzima ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la dunia liliishiwa Februari 2011. Laini za 4G na 5G kwa kawaida ziko katika hali hiyo. Ukiwa nyuma ya CGNAT, hakuna poti utakayoifungua kwako ikafika nje.

Dawa ni kupiga simu huduma kwa wateja, na ujue unachoomba: "Habari za kazi, dada. Naomba kujua kama laini yangu ina IP ya umma au iko nyuma ya CGNAT, na kama naweza kuwekewa ya umma." Usishangae ukiambiwa uzime ruta na kuiwasha. Jibu kwa upole: "Nimeshafanya hivyo, dada yangu, naomba uniunganishe na mtu wa ufundi." Mtu wa ufundi ataelewa mara moja. Kampuni nyingine hutoza ada ya kila mwezi kwa IP ya umma, kwa hiyo uliza bei kabla ya kukubali.

Nikae kidogo kwenye suala la kamera, maana ndilo linaloniuma zaidi. Tafadhali usifungue poti za mashine ya kurekodi moja kwa moja kwenye intaneti: 80, 554, 8000 ya Hikvision, 37777 ya Dahua. Mwaka 2016 virusi vya Mirai vilizunguka mtandaoni vikijaribu majina na nenosiri za kiwandani kwenye kamera, mashine za kurekodi na ruta, vikateka vifaa vingi mno. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa vilivyotekwa vilitumika kuishambulia Dyn, kampuni iliyosaidia vifaa kupata anwani za tovuti, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Wenye kamera zile walikuwa watu wa kawaida tu waliotaka kuona geti lao wakiwa kazini. Kamera inaona watoto wako wakicheza uani. Usiiachie mlango wazi.

Ninachowashauri watu ni kuweka WireGuard, programu ya VPN inayotengeneza njia ya siri hadi nyumbani, kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, halafu kufungua poti moja tu, UDP 51820 (UDP na TCP ni njia mbili tofauti za kusafirisha data). Asiye na ufunguo hajibiwi chochote, hata hajui kama kuna kitu hapo. Ukishaunganishwa, simu yako inakuwa kama iko nyumbani na kamera unazifungua kwa anwani zake za ndani. Na kama uko nyuma ya CGNAT na kampuni haina IP ya kukupa, programu za aina hiyo kama Tailscale au ZeroTier zitakuvusha bila kufungua poti hata moja. Kwa mtu anayetaka kamera tu, mimi humwambia aanzie huko.

Tuseme IP ya umma unayo na poti unaihitaji. Njia ninayoipenda ni kuiondolea ruta ya pili kazi ya NAT, ibaki kusambaza Wi-Fi tu. Ruta nyingi za TP-Link zina "Operation Mode". Chagua "Access Point" na umemaliza. Kama yako haina, ingia kwenye mpangilio wa LAN (mtandao wa ndani), uipe anwani isiyotumiwa na kifaa kingine kwenye mtandao wa ruta ya faiba, mfano 192.168.100.2, zima DHCP (huduma ya kugawa anwani kwa vifaa), halafu chomoa kebo kwenye tundu la WAN (mara nyingi lina rangi ya peke yake) uichomeke kwenye mojawapo ya matundu ya LAN. Kuanzia hapo anayegawa anwani ni mmoja, poti unafungua mahali pamoja, na simu iliyo chumba cha nyuma inaiona printa ya sebuleni.

Ila kama ruta ya pili inahudumia wateja wa duka au wapangaji, usiunganishe mitandao. Waache wapangaji kwenye yao. Na kama unachotaka kukifikia kiko nyuma ya ruta hiyo ya pili, poti itafunguliwa mara mbili. Hakikisha kwanza mitandao haifanani: ya faiba iwe 192.168.100, ya pili 192.168.0. Zikiwa zote 192.168.1, ruta ya pili haitajua lipi la ndani na lipi la nje. Kwenye ruta ya faiba, ipe ruta ya pili anwani ya kudumu, tuseme 192.168.100.20, kisha UDP 51820 ielekeze huko. Kwenye ruta ya pili, ipe Raspberry Pi anwani ya kudumu, 192.168.0.50, na UDP 51820 ielekeze huko. Ukurasa wenyewe kwenye Huawei huitwa "Port Mapping", kwenye TP-Link "Virtual Servers" au "Port Forwarding". Angalia sana sehemu ya UDP na TCP; kosa la hapo halitoi onyo lolote.

Wapo mafundi wanaoiweka ruta ya pili kwenye "DMZ" ya ile ya faiba, yaani sehemu inayopelekewa kila kinachobisha kutoka nje, ili wasiandike poti mara mbili. Hilo linakubalika, mradi iliyowekwa humo ni ruta. Mashine ya kamera isiwekwe humo kamwe.

Unapojaribu, zima Wi-Fi utumie bando la simu. Ruta nyingi haziwezi kumrudisha mtu wa ndani kupitia anwani ya nje, kwa hiyo ukijaribu ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani utadhani imeshindikana kumbe iko sawa. Pia zile tovuti za kupima poti hupima TCP, na poti huonekana wazi pale tu panapokuwa na programu inayosikiliza. WireGuard haitaonekana huko hata ikiwa inafanya kazi barabara. Kipimo chake ni kuunganisha kwa simu yenyewe.

Umeme ukikatika na kurudi, IP ya umma inaweza kubadilika, hivyo washa DDNS kwenye ruta ya faiba au kwenye Raspberry Pi yenyewe upate jina la kudumu la kutumia badala ya namba. Zima UPnP kwenye ruta zote mbili, maana inaruhusu kifaa chochote cha ndani kujifungulia poti bila wewe kujua. Badilisha nenosiri ya kuingilia kwenye kila ruta. Kisha piga picha kurasa za poti za ruta zote, pamoja na ile orodha ya anwani za kudumu, uzihifadhi: siku kampuni itakapokuja kubadilisha ruta, mipangilio yote ya ile ya zamani inaondoka nayo.