Seli ina mawazo gani jamani?

Swali: Nimesoma kwamba kwenye ugonjwa wa Parkinson seli za ubongo zinakufa kwa "msongo wa mawazo wa seli". Ni sahihi hiyo, au tuseme stresi ya seli? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Si sahihi, na afadhali umeuliza maana hili linanikera miaka na miaka. Watu wakikutana na stresi popote pale wanabandika msongo wa mawazo bila hata kuangalia anayesongwa ni nani.

Msongo umetoka kwenye kusonga, yaani kubana, kukandamiza. Mwangalie mtu anayesonga ugali wa watu ishirini, mwiko unaubana unga kwenye ubavu wa sufuria, unageuza, unabana tena, unga ukizidi na maji yakipungua mkono unagoma na mwiko unaweza kukatika kabisa. Sasa kwenye msongo wa mawazo, mawazo ndo mwiko, anayesongwa ni mtu. Ndani ya seli mwiko ni mwingine: protini zilizokunjwa vibaya zikarundikana (kwenye Parkinson ni alfa-sinuklini), na mitokondria (vinu vya nishati vya seli) zilizochakaa zinazomwaga taka za oksijeni. Seli inapambana, inapunguza kutengeneza protini mpya, inasafisha mbovu, ila umri ukienda na huo usafi unalegea, ikizidiwa inaweza kujivunja yenyewe. Kwa hiyo andika "msongo ndani ya seli", inatosha!

Na sio ubishi wa maneno tu. Mzee mmoja jirani yetu alianza kutetemeka mkono, kila aliyekuja kumwona anamwambia mzee punguza mawazo, basi akawa anajilaumu yeye, kumbe ni Parkinson, kule ubongoni seli zinazotengeneza dopamini (kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili) zilikuwa zinaisha. Mawazo hayakuhusika, neno ndo lilimtwika kosa lisilo lake.

Hata "seli kujiua" siipendi. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie walipotafuta jina la kifo hiki cha utaratibu walichukua neno la Kigiriki la majani kudondoka mtini, wakaita apoptosisi. Sisi tuna kupukutika tangu enzi za mababu, linakaa palepale, mbona hatulitumii? Seli zinapukutika, kila mtu ataelewa.

Hiyo stresi ya seli, haya, itumie, angalau haimsingizii mgonjwa mawazo.