Hekalu la juzi linaloitwa la kale: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Barua yako imenifika. Unasema umekwenda Ise kutazama hekalu ambalo Wajapani wanaliita la kale, na mtembeza wageni akakwambia limejengwa 2013. Ukaniuliza: "Baba, huu si uongo?"

Si uongo. Wao hulijenga upya kila miaka 20, kwenye kiwanja cha pili kilicho ubavuni, na mtindo huo ulianza mwaka 690. Piga hesabu ya kifundi: kijana wa miaka 20 anabeba mbao, akifika 40 anashika randa, akifika 60 anasimamia wenzake. Mbao zinaoza, hilo wamelikubali. Wanachokitunza ni mikono.

Kule Djenné, Mali, msikiti ni wa udongo. Kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika, na yale magogo yaliyotokeza ukutani mafundi huyapanda kama ngazi. Wapolandi nao walipobomolewa mji wao wa Warsaw katika Vita vya Pili vya Dunia waliijenga tena kwa kutazama hata michoro ya karne ya 18. Kila watu na lao.

Sasa letu. Unaukumbuka ule ukuta wa uani uliokuwa ukikupaka unga mweupe kwenye sare ya skuli? Kosa langu. Harusi ya dada yako ilikuwa imekaribia, nikataka nyumba ipendeze upesi, nikapiga plasta ya saruji. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua. Unyevu huingia ukatoka. Saruji ikauziba. Masika mawili tu, plasta ikabanduka vipande vipande pamoja na mawe yake, na boriti za ndani zilikuwa zimeoza tusizione. Mzee niliyemwita aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akasema, "Huu una maji." Hakuwa hata ameinua mwiko.

Chokaa yake haina haraka. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo ya minazi, yakachomwa, kisha chokaa ikalowekwa miezi. Nani ana miezi siku hizi? Mjukuu wake, aliyekuwa akimfunza, sasa anaendesha bodaboda, na simlaumu.

Beit al-Ajaib, lile jumba la Mji Mkongwe wa Zanzibar alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ilipoanguka sehemu yake pamoja na mnara wa saa Disemba 2020, watu walikufa, Mungu awarehemu. Baada ya hapo mazungumzo barazani yakawa ni fedha: zitoke wapi, atoe nani. Fedha hupatikana. Mimi nilikaa nikihesabu kwa vidole mafundi wa chokaa ninaowajua, na mkono wa pili sikuugusa.

Jana nilimsomea mzee barua yako. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza: hao vijana wa Ise, ile miaka 20 ya kungoja hekalu jingine, wanalipwa na nani? Muulizie, unijibu.

Baba yako