Kugeuza CDR, PCX na TIFF za zamani kuwa PDF: nilivyofanya hapa Mwanza

Mkuu, umesema mzee wako aliyekuwa na steshenari Kirumba amekuachia CD za faili za CDR, PCX na TIFF, na kompyuta yako mpya haizifungui. Nilipita humo humo nilipookoa kadi za harusi za duka letu Makoroboi.

Kwanza zitenge. CDR ya CorelDRAW, programu ya kuchora, ni mchoro wa mistari, ila PCX na TIFF ni picha za doti. Utaambiwa ugeuze zote JPG kwanza, nayo ni picha ya doti, ndipo PDF. Kwa CDR usikubali kabisa! Kadi moja niliipitisha huko, nikaikuza kwenye skrini: H ya "Harusi" ina ngazi-ngazi na ukungu wa kijivu pembeni. Ile niliyoigeuza moja kwa moja ukingo wake ulibaki safi.

CDR fungua kwa LibreOffice Draw, ni ya bure, kisha uitoe kama PDF. Zikiwa nyingi, kwenye Ubuntu (mfumo ninaotumia badala ya Windows) fungua dirisha la amri (Terminal), ingia ndani ya folda uandike:

soffice --headless --convert-to pdf *.cdr

Funga LibreOffice kabla ya hapo. Mimi niliiacha wazi, amri ikaisha kimya bila kutoa kitu.

Kinachosumbua hasa ni fonti. Kadi yangu ya kwanza, jina la bibi harusi lilivuka fremu ya maua, kwa sababu fonti yake haikuwepo kwangu na programu ikaweka nyingine pana zaidi. Kompyuta ya mzee kama bado inawaka, nakili fonti zote kutoka C:\Windows\Fonts uzisakinishe kwako. Au fungua kadi kwenye CorelDRAW ya humo, chagua maandishi, bonyeza Ctrl+Q yageuke mchoro, uhifadhi kwa jina jingine. Faili ya awali usiiguse, maana maandishi yaliyogeuzwa hivyo hayahaririki tena.

TIFF tumia img2pdf, programu ndogo ya amri ya kugeuza picha kuwa PDF, haipunguzi ubora. PCX zigeuze PNG kwanza. Angalia ukubwa wa ukurasa: A4 iliyoskaniwa kwa doti 300 kwa inchi ina pikseli 2480 kwa 3508, na faili isipobeba namba hiyo ya 300, img2pdf huchukulia 96, unapata ukurasa wa upana wa sentimita 65 hivi. Ongeza --pagesize A4 kwenye amri ya img2pdf.

Ukikuta kadi ambayo fonti yake huipati, weka picha yake hapa tuitafute pamoja.