Maswali na majibu: kani, tungamo na mchapuko

Maswali ya safari hii yametoka Malindi, Mambrui na Ngomeni, na yote yanarudi kwenye kanuni ambayo Isaac Newton aliiwekea msingi mwaka 1687 na ambayo leo tunaiandika hivi: kani ni tungamo mara mchapuko. Kani hapa si ubishi wa mtu asiyekubali kushindwa, bali ni nguvu ya kusukuma au kuvuta. Tungamo ni wingi wa mata iliyomo katika kitu, na mchapuko ni kiasi ambacho kasi hubadilika kwa kila sekunde.

Ninauza maji kwa mkokoteni hapa Malindi. Kuuondoa pale uliposimama hunitoa jasho, lakini ukishashika njia nausukuma bila taabu. Mzigo ni ule ule, basi kwa nini nguvu inayotakiwa inapungua?

Kwa sababu kitu kinachohitaji kani si mwendo wenyewe, bali ni badiliko la mwendo. Tuseme mkokoteni wako pamoja na mitungi yake una tungamo la kilo 300, na magurudumu na barabara vinakuzuia kwa nyutoni 60 (nyutoni ni kipimo cha kani). Ukisukuma kwa nyutoni 210, msuguano unakula 60, zinabaki 150, na hizo 150 ukizigawanya kwa 300 unapata mchapuko wa 0.5, yaani kila sekunde inayopita kasi huongezeka kwa nusu mita kwa sekunde. Baada ya sekunde mbili unakwenda mita moja kwa sekunde, ambao ni mwendo wa mtu asiye na haraka. Tangu hapo hutaki kuongeza kasi, unachotaka ni kuilinda tu, na kwa kazi hiyo nyutoni 60 za kuulipa msuguano zinatosha. Ukiingia kwenye mchanga, deni hilo linapanda na jasho linarudi, ingawa kasi yako haijaongezeka hata kidogo.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea mtihani, na sioni kwamba kosa ni lao peke yao: wamefundishwa kukariri kanuni bila kuambiwa kwamba kani inayoingia ndani yake si ile inayotoka mkononi mwa msukumaji, bali ni ile inayobaki baada ya kani zote kujumlishwa na kutoana.

Ninauza samaki. Mwanangu ananiambia kilo si uzito. Ni kweli?

Ni kweli, mama, ingawa sokoni sote tunasema uzito na hakuna anayepunjika kwa hilo. Kilo ni kipimo cha tungamo. Uzito ni kani ambayo dunia humvuta nayo samaki, na kilo moja ya changu huvutwa kwa nyutoni 9.8 hivi, kwetu huku karibu na ikweta ni pungufu kidogo, yapata 9.78. Mwezini, mizani ya springi ingeonyesha takriban sehemu moja ya sita tu, lakini mizani ya mawe isingebadilika, kwa kuwa mawe nayo yangepungukiwa kwa kadiri ile ile.

Tuktuk yangu ikiwa tupu inasimama mara moja. Nikibeba abiria watatu na mizigo yao, breki zile zile zinachelewa. Fundi anasema breki ni nzima.

Fundi wako huenda anasema kweli. Kupunguza kasi nako ni mchapuko, ila wa kurudi nyuma. Chukua tuktuk yenye kilo 420 pamoja na dereva, inayokwenda kilomita 36 kwa saa, na breki zinazotoa nyutoni 1,680: itasimama baada ya mita 12.5. Ongeza kilo 250 za abiria na mizigo, mguu ukikanyaga kwa nguvu ile ile, itahitaji karibu mita 20. Anza kukanyaga mapema.

Shikamoo Mwalimu. Babu yangu wa Ngomeni aliona roketi zikirushwa kutoka San Marco, lile jukwaa la kurushia roketi lililo baharini, na anasema kadiri zilivyopanda ndivyo zilivyozidi kukimbia. Injini ilikuwa inaongezewa nguvu?

Marahaba, mwanangu. Si lazima injini iongezewe chochote. Roketi ya Scout, kama ile iliyorushwa kutoka jukwaa hilo tarehe 12 Desemba 1970 ikiwa na setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ilibeba fueli ambayo ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya tungamo lake, na kila sekunde fueli hiyo iliteketea na kutoka kwa nyuma. Tufanye hesabu ya mfano tu, isiyo ya Scout yenyewe: roketi ya tani 20 ina msukumo wa nyutoni 400,000. Uzito wake unavuta chini kwa 196,000, zinabaki 204,000, na mchapuko ni kama 10. Fueli ikiungua hadi zibaki tani 10, uzito unashuka hadi 98,000, zinabaki nyutoni 302,000, na mchapuko unafika 30. Tungamo limepungua mara mbili, lakini mchapuko umeongezeka mara tatu, kwa sababu kigawanyo kimepungua na papo hapo kigawanywa kimekua. Scout ilikuwa na hatua nne, yaani vipande vinne vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kila kimoja na injini na fueli yake, na kila hatua iliyokwisha fueli iliachwa nyuma ili isibebwe bure.

Hatua ya mwisho ilipozimika, Uhuru, setilaiti ya kilo 140 hivi, haikusukumwa tena na kitu chochote. Iliendelea kwa kasi iliyokwisha kuipata, huku mvuto wa dunia ukiipinda njia yake iwe mzunguko, kama mkokoteni uliopata barabara isiyo na msuguano.