Mama, iweke chini hiyo bahasha

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa wazee wenye watoto waliomaliza masomo na kazi hawana. Zilizofanana nimezijibu pamoja.

Mwanangu ana stashahada ya kompyuta, mwaka wa pili huu yupo nyumbani na hataki kazi isiyokuwa ya serikali. Kila nikivuka kwenda Unguja nabeba bahasha ya vyeti vyake, nampelekea huyu na yule. Nifanye nini zaidi? (Mama, Wete)

Punguza, bibie, usizidishe. Siku hizi Tume ya Utumishi Serikalini ikitangaza nafasi, maombi huingia kwa mtandao kupitia mfumo wa Zan Ajira, na mwombaji hujisajili mwenyewe. Bahasha unayomwachia ami yake inaishia kwenye droo. Na bosi akipokea vyeti kutoka mkononi mwa mama mtu, suali la kwanza linalomjia ni huyo kijana mwenyewe yuko wapi.

Kazi yako ni nyengine. Kaeni mkekani, mtandaze vyeti vyote, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Cha kuzaliwa kinasema Khamis, cha skuli Hamis, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kimeongeza jina la babu. Kwa mambo madogo kama hayo mtu hukwama mlangoni. Pa kuanzia ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na aende sasa, asingoje tangazo litoke ndio aanze kukimbia. Wewe mpe nauli na bando la intaneti, basi.

Serikalini aombe, simkatazi. Lakini wakati anasubiri, wenye maduka hapo Wete na Chake wapo wanaohesabu stoo kwa daftari. Akamtilie mmoja hesabu hizo kwenye kompyuta, hata kwa malipo madogo, apate mtu wa kumtaja akiulizwa nani anamjua kikazi.

Kila tangazo linataka uzoefu. Nitaupata wapi na hakuna anayenichukua? Nimesomea mambo ya hoteli. (Kijana, Kiembesamaki)

Wewe umebahatika, mwanangu, maana hoteli zina msimu na msimu unajulikana. Mvua za masika, Aprili na Mei, hoteli nyingi za Nungwi, Kiwengwa na Paje hupunguza watu, na zipo zinazofunga kabisa. Kuanzia Juni wageni hurudi. Wenzako wengi huanza kuzunguka Julai wakiona mabasi ya watalii barabarani, na hapo nafasi zimeshakwenda. Nenda katikati ya Mei, meneja ana muda wa kukusikiliza na anajua nani hatorudi.

Pita geti la wafanyakazi, usende mapokezi. Saa nne asubuhi hivi, chai ya wageni ikishaondolewa. Saa saba jikoni hakuna atakayekutazama usoni. Omba kumuona mkuu wa kitengo, yaani mpishi mkuu au msimamizi wa vyumba, kwa sababu yeye ndiye anayejua wapi pamepungua mkono. Mwambie unaomba fildi, yaani kujifunza kazi kwa vitendo, ya muda fulani, utaje muda wenyewe, na mwisho wake unaomba barua. Fildi isiyo na mwisho ikatae. Ukishatimiza miezi minne unatandika vitanda sawa na waliokuwa na mshahara, hapo husomi tena, unatumiwa.

Lugha nayo. Kiingereza wanacho wengi. Kiwengwa Wataliano wamekuwa wakija miaka na miaka, na Kitaliano cha kupokea oda ya chakula tu kinaweza kukupitisha mbele ya mwenye shahada. Wasifu wako uwe kurasa mbili, simu iwe inapatikana, na barua pepe iwe na jina lako alilokupa baba yako, siyo lile la kijiweni.

Kuna bwana anasema ana nafasi bandarini, anataka laki mbili za kufungulia faili. (Mama, Fuoni)

Usimpe hata mia. Akisema ni pesa ya fomu, mwambie mfuatane ofisini mkaichukue pamoja. Atapata udhuru.

Binti yangu kapata kazi hotelini Nungwi, majirani wananisema. (Baba, Mwera)

Majirani hawakulipii umeme. Yapo ya kuuliza ya maana zaidi: zamu ya usiku inaisha saa ngapi na gari ya wafanyakazi ipo? Nyumba ya wafanyakazi wanawake iko mbali na ya wanaume? Mtandio unaruhusiwa na sare? Mkataba uwe wa maandishi, na mchango wa ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, ukatwe na upelekwe. Lakini aulize yeye. Ukienda wewe na kanzu yako kumsaili meneja, utamharibia.

Nina milioni tatu. Nimnunulie mtoto wa ndugu yangu pikipiki, au asome? (Ami yake, Bububu)

Pikipiki kila kijana anayo. Mpeleke mafunzo ya amali, Mwanakwerekwe au Mkokotoni, akasomee friji na viyoyozi. Hoteli zimejipanga ufukweni, na chumvi ya bahari inakula mashine hizo mwaka mzima. Pesa itakayobaki iweke, umnunulie vifaa vya kazi, geji na pampu, akishamaliza. Ukimpa taslimu leo, ataniandikia yeye wiki ijayo.